Kiti mwendo na milima ya Kaskazini: magurudumu yanafika wapi, yanakwama wapi

Mkazi wa Moshi anayetumia kiti mwendo akiuliza kama anaweza kutembelea Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kwa kawaida hupata mojawapo ya majibu mawili. La kwanza ni kwamba haiwezekani, kwa sababu mlima unataka miguu. La pili ni kwamba inawezekana kabisa, kwa kuwa wapo watu wenye ulemavu waliofika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Yote mawili hayamsaidii aliyeuliza. La kwanza linamfungia hifadhi nzima kwa sababu ya kilele ambacho pengine hakukiulizia, na la pili linamtajia watu wachache waliopanda kwa maandalizi makubwa, bila kumwambia kama yeye, akitoka nyumbani kwake Majengo au Soweto pamoja na familia yake Jumamosi moja, atapata pa kushukia, pa kupita na pa kujisaidia.

Swali hilo moja limefumbata maswali manne ambayo yanastahili kutenganishwa. Je, mtu anaweza kufika getini, kuingia na kuhudumiwa? Je, anaweza kuiona hifadhi akiwa ndani ya gari? Je, anaweza kushuka na kwenda kwa kiti chake mwenyewe, walau kwa umbali mfupi? Na je, anaweza kupanda mlima? Kila swali lina jibu lake, na majibu ya Kilimanjaro si majibu ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ingawa kutoka hifadhi moja hadi nyingine ni safari isiyomaliza asubuhi.

Naanza na kilele, ingawa kinawahusu wachache, kwa sababu habari zake ndizo zinazosikika zaidi na ndizo zinazopotosha zaidi zisipoelezwa kwa ukamilifu. Bernard Goosen wa Afrika Kusini, aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, alifika kileleni mwaka 2003 kwa kiti mwendo kilichorekebishwa, akarudi mwaka 2007 na kufika kwa siku sita. Mwaka 2009 Chris Waddell wa Marekani, mwanamichezo wa Paralimpiki aliyepooza kuanzia kiunoni, alipanda kwa chombo cha magurudumu manne kinachoendeshwa kwa mikono, huku wenzake wakitanguliza mbao chini ya magurudumu penye mawe. Hata hivyo palikuwa na kipande kifupi cha mawe makubwa ambapo hapakuwa na namna ila kumbeba. Mwaka 2012 Kyle Maynard, Mmarekani aliyezaliwa na mikono na miguu isiyo kamili, alifika kwa kutambaa, na mwaka huohuo Spencer West, mkazi wa Kanada ambaye hana miguu, alifika akiwa amekwenda kwa mikono yake sehemu kubwa ya njia.

Watu hawa wanastahili heshima kamili. Lakini aliyefika kwa magurudumu hakutumia kiti anachoendea sokoni, na kila mmoja alikuwa na timu ya watu waliokuwa tayari kusukuma, kuvuta na kusubiri. Safari zao zinathibitisha kwamba mwili wenye ulemavu unaweza kuhimili mlima. Hazithibitishi kwamba hifadhi iko tayari kumpokea mgeni wa kawaida anayetumia kiti mwendo, na hilo la pili ndilo linaloamua kama mama wa miaka sitini wa Kiborloni ataiona Kilimanjaro kwa karibu au ataendelea kuitazama kutoka uani kwake.

Upo mpaka ambao umewekwa na mlima wenyewe, na ni vyema kuukubali kwa hesabu badala ya kwa hisia. Njia ya Marangu ndiyo pekee yenye mabanda ya kulala, na husifiwa kwa kupanda taratibu. Geti lake liko kwenye mita 1,870 hivi, na kituo cha kwanza, Mandara, kiko mita 2,720, umbali wa kilomita nane kwa mguu. Hiyo ni kupanda mita 850 katika mita 8,000, yaani zaidi ya sentimita kumi kwa kila mita moja ya kwenda mbele. Kanuni ya wasanifu wa majengo ni kwamba rampu ya kiti mwendo ipande si zaidi ya sentimita moja kwa kila sentimita kumi na mbili, tena kwa vipande vifupi vyenye sehemu tambarare za kupumzikia. Kwa mwendo mrefu mikono ya binadamu huhitaji sentimita moja kwa ishirini. Kwa hiyo hata kama njia yote ya Mandara ingesakafiwa ikawa laini kama korido, wastani wake ungekuwa mkali kuliko rampu ya hospitali, kilomita nane mfululizo. Na haijasakafiwa: ina mizizi, ngazi za magogo na mawe, na mifereji inayoikata ili maji ya mvua yasiichimbe. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, na sidhani kama kuna mtu mwenye busara anayetaka msitu ule umwagiwe zege.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba magurudumu yamekuwa yakipanda na kushuka Kilimanjaro kwa miaka mingi. Mpandaji akizidiwa juu, waokoaji humfunga kwenye machela ya chuma yenye gurudumu moja chini yake, wakamshusha kwa mwendo wa haraka katika njia ambazo mtu mwenye miguu yake huziteremka kwa tahadhari. Anayeongoza yuko mbele, anayezuia yuko nyuma, wengine wako pembeni wakishika mizani isipinduke. Mfumo huohuo, wa gurudumu moja lililo chini ya kitovu cha uzito na watu wawili au zaidi wa kuliongoza, ndio uliotumika kuunda Joëlette, kiti cha milimani kilichobuniwa nchini Ufaransa mwaka 1987 na Joël Claudel, mwongozaji wa wapanda milima, ili mpwa wake mwenye ugonjwa wa misuli asibaki nyumbani. Maana yake ni kwamba ujuzi wa kumpitisha mtu aliyeketi kwenye njia nyembamba yenye mawe hauhitaji kuagizwa kutoka nje. Uko Marangu, Machame na Mweka, mikononi mwa wapagazi na askari wa hifadhi ambao wameufanya mara nyingi, usiku na mvuani.

Vilevile zipo barabara. Kutoka geti la Londorosi, upande wa magharibi, barabara ya magari hupanda msituni hadi ukingo wa uwanda wa juu wa Shira, kwenye mita 3,500 hivi. Upande wa kusini mashariki, njia ya Kilema hutumiwa na magari ya huduma na ya uokoaji kufika hadi kituo cha Horombo, mita 3,720, na waendesha baiskeli za milimani wamekwisha kuruhusiwa kuitumia. Ukiyaunganisha hayo unapata picha inayonisumbua: mlima tayari una njia za magurudumu, ila zilifikiriwa kwa ajili ya kumshusha aliyezidiwa na kupandisha mizigo, na baadaye kwa ajili ya mwenye baiskeli. Mgeni ambaye magurudumu ndiyo miguu yake hakuwamo katika fikra hizo. Kumwingiza hakudai barabara mpya hata moja.

Kati ya njia hizo, Shira ndiyo inayofaa zaidi kwa mgeni wa siku moja. Sababu yake ni ya kijiolojia. Kilimanjaro ni volkano tatu: Shira, Mawenzi na Kibo. Shira ndiyo kongwe kuliko zote, na kilele chake kiliporomoka zamani sana na kuacha uwanda mpana, ilhali Kibo iliendelea kukua upande wake wa mashariki. Kwa hiyo gari likishamaliza kupanda msituni, mbele kunakuwa na nafasi iliyo wazi, vichaka vifupi vya ukanda wa juu, na Kibo yote ikionekana bila kitu cha kuikinga. Kutoka Moshi unapita Boma Ng'ombe na Sanya Juu kuelekea Londorosi, na kutoka Arusha unaingilia Boma Ng'ombe hapohapo. Gari liwe la kuendeshwa na magurudumu yote manne, na kibali cha kulipandisha huombwa hifadhini mapema, kwa kawaida kupitia kampuni ya utalii. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo wa msituni huwa tope la utelezi na safari hiyo haifai. Miezi ya Juni hadi Oktoba, na ile ya Januari na Februari, ndiyo ya kuchagua. Ukifika juu, kiti chenye magurudumu mapana kitasogea kwa msaada kwenye njia ya gari na sehemu ngumu za uwanda. Kwenye changarawe legevu ya volkano kitazama.

Mwinuko ndio unaodai umakini mkubwa zaidi katika safari hiyo, na ushauri wa jumla unaotolewa kwa watalii hautoshi. Anayepanda kwa miguu huuzoea mwinuko siku kwa siku kabla ya kuuvuka uwanda wa Shira. Anayepanda kwa gari hutoka Moshi, iliyo chini ya mita 900, akafika huko kwa saa chache bila mwili kupata nafasi ya kujirekebisha. Madhara huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi: kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, na kwa wachache maji kujaa mapafuni au ubongo kuvimba, hali ambazo huua. Ndiyo maana ziara ya Shira kwa gari huwa ya kukaa kwa muda mfupi na kushuka siku hiyohiyo, na mtu mwenye ulemavu asikubali kulegezewa sharti hilo kwa sababu tu amepumzika kwenye kiti cha gari na hajatoka jasho.

Kwa mwenye jeraha la uti wa mgongo lililo kwenye pingili ya sita ya kifua au juu ya hapo, kuna jambo la ziada ambalo mwongozaji anapaswa kulijua kabla gari halijawashwa. Watu hawa wanaweza kupandwa ghafla na shinikizo la damu kutokana na kero iliyo chini ya jeraha, kero ambayo wao wenyewe huenda wasiihisi: kibofu kilichojaa, mpira wa mkojo uliojikunja, choo kilichokwama, mkanda au kiatu kinachobana. Dalili yake kubwa ni kichwa kuuma kwa kugonga, pamoja na jasho usoni. Sasa kichwa kuuma ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa wa mwinuko pia. Mwongozaji asiyejua tofauti atamlaza mgeni na kumpa dawa ya maumivu, wakati aliyepandwa na shinikizo hilo anatakiwa aketi wima, alegezewe kila kinachobana, na mpira na kibofu viangaliwe mara moja, kwa kuwa shinikizo lisiposhuka linaweza kupasua mshipa kichwani. Njia salama ni kuyafanya yote mawili kwa pamoja: kumkalisha wima na kutafuta chanzo, huku gari likianza kuteremka.

Mtu huyohuyo mara nyingi mwili wake hautetemeki kwa baridi wala hautoi jasho kama inavyopaswa chini ya jeraha. Joto hupungua kwa nyuzi sita na nusu hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo Shira inaweza kuwa na baridi ya nyuzi zaidi ya 15 kuliko Moshi aliyoiacha asubuhi, na miguu isiyohisi haitamwambia kwamba imeganda. Avae kabla hajasikia baridi. Mto wa hewa wa kukalia nao unahitaji kuangaliwa. Hewa iliyofungiwa ndani yake Moshi hutaka nafasi kubwa zaidi kwa theluthi moja na ushei kwenye mita 3,500, kwa sababu hewa ya nje imepungua uzito. Mto unakuwa mgumu, unamwinua aliyekaa, na mifupa ya makalio inabeba shinikizo ambalo mto ulinunuliwa ili uliondoe. Barabara ya kurusharusha ikiongezeka juu ya hapo, kidonda kinaweza kuanza siku hiyohiyo na kuchukua miezi kupona. Dawa yake ni kupunguza hewa kidogo njiani, kuirudishia wakati wa kushuka, na kujiinua kila baada ya muda.

Halafu kuna maji na choo, na hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika bila mtu kutambua chanzo. Anayejua kwamba njiani hakuna choo atakachoweza kuingia, hupunguza kunywa maji tangu jana yake. Ni desturi ya watu wengi wanaotumia viti mwendo katika nchi yetu, hata kwa safari ya basi ya kwenda Dar es Salaam. Mlimani desturi hiyo ni ya hatari, kwa sababu hewa kavu ya juu hunyonya maji mwilini, na aliyekaukiwa huumia zaidi na mwinuko na huambukizwa njia ya mkojo kwa urahisi zaidi. Acetazolamide, dawa ambayo wapandaji wengi humeza kuzuia ugonjwa wa mwinuko, huongeza mkojo. Kwa mtumiaji wa mpira wa mkojo hilo linabadilisha ratiba nzima ya siku, na ni la kuzungumza na daktari kabla ya safari, si na mwongozaji garini. Kwa hiyo mlango wa choo wenye upana wa sentimita 60, ambao kiti hakipiti, unamfikia mgeni hadi kwenye mita 3,500 kwa njia ya kiu. Ningependa wanaojenga vyoo vya hifadhi walione jambo hili kama suala la afya.

Kwa mtu anayetaka kuanza na safari nyepesi zaidi, shauri langu ni Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto, na mwaka 1967 Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,566, ukaingizwa ndani yake. Ukitoka Arusha kwa barabara ya Moshi, unakata kushoto Usa River na kupanda hadi geti la Ngongongare. Uzuri wa hifadhi hii kwa mtumiaji wa kiti mwendo ni kwamba vitu vyake vikuu viko karibu na barabara, na mwinuko wa maeneo hayo hauzidi sana ule wa Arusha mjini, ambao ni mita 1,400 hivi. Serengeti Ndogo, uwanda wa nyasi ulio baada ya geti, huonekana vyema dirishani pamoja na nyati, pundamilia, twiga na ngiri wake. Maziwa ya Momella, ambayo maji yake ni ya magadi na kwa hiyo huvuta heroe, yamezungukwa na barabara inayokaribia ufukwe mara kwa mara, na siku isiyo na mawingu Kilimanjaro huonekana upande wa pili wa maji. Msituni, mbega weupe kwa weusi hukaa juu ya miti iliyo kandokando ya njia ya gari.

Ngurdoto ni tofauti kidogo. Kreta yenyewe hairuhusiwi kushukwa na yeyote, kwa hiyo mgeni wa kiti mwendo na mgeni wa miguu wanakuwa sawa: wote hutazama kutoka ukingoni. Tatizo ni kwamba vituo vya kutazamia vina njia fupi za udongo zenye mizizi na miinuko, na barabara inayopanda ukingo huteleza mvua inaponyesha. Katika kiangazi, kwa msaada wa watu wawili, inawezekana kufika mahali pa kuona. Kwa njia za miguu za kuelekea Meru sharti uwe na askari mwenye silaha kwa sababu ya nyati, na kwa kuwa kiti hakikimbii, uamuzi wa kutoka nje ya gari popote ndani ya hifadhi uwe wa askari, hata kama mahali panaonekana patulivu.

Kama hifadhi hii inafikika hivyo, kwa nini ni nadra kumwona mtu wa kiti mwendo ndani yake? Jibu kubwa ni gari. Gari la utalii la kawaida, lile la paa la kuinuka, lina sakafu iliyo juu mno na mlango unaoingiwa kwa kukanyaga kidato. Anayehamia kutoka kwenye kiti chake anatakiwa kuinuliwa hadi karibu na kifua cha anayembeba, kisha kugeuzwa mlangoni. Watu wawili wasiofundishwa humshika kwapani na magotini, wakavuta. Bega linaweza kuteguka, ngozi ikachubuka kwenye chuma, na mwenye miguu isiyohisi asijue hadi jioni. Katika ukanda huu yapo magari yaliyofungwa lifti ya haidroliki inayompandisha mtu akiwa juu ya kiti chake, lakini ni machache na gharama yake ni kubwa. Kwa mkazi wa hapa ipo njia ya katikati ambayo naipendekeza kwa dhati: Noah au gari jingine la familia lenye kiti kilicho usawa wa kiti mwendo, ubao laini wa kuhamia, na safari ya kiangazi kwenye barabara kuu za Hifadhi ya Arusha. Hutaona juu ya paa, lakini utaingia na kutoka kwa nguvu zako, na hilo hubadilisha siku nzima.

Kiti chenyewe nacho kina usemi wake. Kiti cha hospitali, chenye magurudumu madogo magumu mbele, kimetengenezwa kwa sakafu ya vigae, na kwenye majivu ya volkano magurudumu hayo huchimba na kumrusha mbele aliyekaa. Kinachofaa ni kiti kirefu cha magurudumu matatu, gurudumu la mbele likiwa kubwa na limesogezwa mbali na miguu, na matairi ya upepo ambayo fundi baiskeli yeyote wa Usa River au Himo anaweza kuyaziba. Mkoa wa Kilimanjaro una bahati katika hili: chuo cha TATCOT, kilichopo hospitali ya KCMC mjini Moshi, kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia na wa viti mwendo kutoka nchi nyingi za Afrika. Anayepanga safari afike kwanza kwa fundi wa viti apimwe, akaguliwe mto na breki, na aulize kama upo uwezekano wa kufunga gurudumu la mbele la muda.

Kuhusu wajibu wa hifadhi, sheria haina utata. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 30 inazitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba watu wenye ulemavu wanafika kwenye maeneo ya michezo, burudani na utalii, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Hoja inayotolewa dhidi ya utekelezaji ni uhifadhi: Kilimanjaro ni urithi wa dunia tangu 1987 na haipaswi kujengwajengwa. Ni hoja ya kweli kwa Mandara na kwa kambi ya Barafu iliyo juu mlimani. Haihusu getini, ambako tayari kuna ofisi, maegesho na vyoo. Vidato viwili vya sentimita 15 kila kimoja vinahitaji rampu ya mita tatu na sentimita 60, kazi ambayo fundi mwashi mmoja na msaidizi wake wanaimaliza kwa siku chache. Njia fupi ya changarawe iliyoshindiliwa, yenye upana wa mita moja na nusu, kutoka maegesho hadi mahali pa kutazamia Momella, ingewafaa pia wazee, wajawazito na mama mwenye mtoto mgongoni. Na kabla ya ujenzi wowote, kuna jambo lisilo na gharama: kupima. Upana wa milango ya vyoo, idadi ya vidato, umbali kutoka maegesho hadi dirisha la malipo, hali ya njia. Vipimo hivyo vikiandikwa mahali mgeni anapoweza kuvisoma, hata vikiwa vibaya, mtu ataamua mwenyewe. Kinachowabakiza wengi nyumbani ni kutojua watakuta nini.

Liko pia suala la wanaobeba. Mzigo wa mpagazi wa Kilimanjaro una kikomo cha kilo 20, kikomo kilichowekwa kwa sababu migongo ya vijana wetu iliumizwa. Mtu wa kilo 70 juu ya kiti cha kilo 30 ni kilo 100 ambazo haziwezi kutuliwa njiani kama gunia, na zinazodai timu inayopokezana, iliyofundishwa na inayolipwa kwa kazi hiyo mahususi. Kampuni inayoahidi kwamba "vijana watambeba tu" inawadhulumu vijana na inamhatarisha mgeni. Naye mgeni ana haki ya kuulizwa yeye mwenyewe, si ndugu aliyeongozana naye. Dereva mmoja anayeinama hadi usawa wa macho na kusema, "Shikamoo mama, nikushike wapi, na mguu upi unauma?" anafanya kazi bora kuliko watu wanne wanaokimbilia kiti kwa huruma na kukiinua kwa sehemu zinazochomoka.

Kwa hiyo kabla ya kulipa kianzio, andika na utake majibu ya maandishi: kiti cha gari kiko juu kiasi gani kutoka ardhini, mlango wa choo cha getini na wa mahali pa chakula cha mchana una upana gani, na ndani ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, kibali cha kupandisha gari Shira kimeombwa kwa tarehe ipi, nani atainua, na amefundishwa wapi, mkigeuza safari kwa sababu ya afya, gari lingine la kurudi litakuwepo? Nawe uwape vipimo vyako: upana wa kiti, uzito wako pamoja nacho, kama unaweza kusimama kwa sekunde chache au huwezi kabisa, dawa unazotumia, na dalili ambazo wakiziona wasisubiri kukuuliza. Kampuni inayojibu kwa namba inaweza kuaminiwa hata namba zenyewe zisipopendeza. Inayojibu "tutaona hukohuko" haijafika hukohuko na mgeni kama wewe, na ni bora utafute nyingine.